Nyuzi Zisizoguswa

Nilikwenda Lamu nikiwa na mlio wa fidla ndani ya simu yangu. Niliurekodi mwenyewe mjini Bergen, magharibi mwa Norwe, jioni moja ya mvua, katika ukumbi mdogo ambamo msichana mmoja alikuwa akipiga hardingfele, fidla ya wenyeji wa upande ule. Nilikuwa nimeishi Bergen miaka minne nikifanya kazi ya kuwatunza wazee, na muziki wao wa asili nilikuwa nausikia redioni tu, unaingia sikio hili unatokea lile. Jioni ile ulinishika. Mpigaji alipomaliza nikamfuata, naye akaniruhusu nikishike chombo. Kimenakshiwa kwa wino mweusi, maua na majani yaliyopindana. Ubao wa vidole umepambwa kwa vipande vya chaza ving'aavyo, na kichwani pamechongwa simba. Juu kuna nyuzi nne, hizo ndizo zinazopitiwa na upinde. Chini yake, zikipenya kwenye daraja, kuna nyuzi nyingine tano, nyembamba kama unywele. Nikamuuliza, hizi unazipigaje? Akasema hazipigwi. Haziguswi hata kidogo. Za juu zikilia, za chini huitika zenyewe, ndiyo maana chombo kimoja kinavuma kana kwamba kuna watu nyuma yake.

Nikamwambia hao kwetu tuna jina lao. Ni waitikiaji.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu. Aliolewa Mombasa akiwa msichana, lakini hadi anafariki hakuacha kusema "ndoo" badala ya njoo, na "yeo" badala ya leo. Alikuwa akituambia kwamba mjomba wake alipiga kibangala, chombo cha nyuzi cha zamani, na kwamba kibangala si chombo cha kumstarehesha mtu mmoja: anayepiga ni mmoja, anayeimba huenda akawa yeye huyo huyo, na waliobaki wote kazi yao ni kuitikia. Sikupata kukiona kibangala hicho. Nilipopewa likizo ya mwezi mzima nikaipanga iangukie Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, nikaenda kukitafuta.

Basi la Lamu linaondoka Mombasa alfajiri. Malindi, Garsen, Witu; vizuizi vya askari ni vingi na kila mahali mnatoa vitambulisho, ila lami sasa imefika, na lile tope lililokuwa likiwalaza abiria njiani limebaki kuwa hadithi ya wazee. Mokowe nchi kavu inakwisha. Unashuka gatini, unaingia botini, na muda si mrefu mji unakutokea ukiwa umeipa bahari uso: nyumba za mawe, minara, punda wakipakizwa simenti, na nyuma yao ngome iliyokamilika mwaka 1821. Magari Lamu ni ya kuhesabu, na naamini hilo ndilo linaloufanya mji huu kuwa mji wa masikio. Kichochoroni, mahali ambapo watu wawili wakipishana mabega yanagusana, unasikia kinu kikitwanga ghorofani, mtoto akirudia aya ya Kurani, na kwato za punda kabla punda mwenyewe hajakunja kona. Sauti hapa haina pa kujificha. Mtu akiimba, mtaa mzima unajua ni nani na anamwimbia nani.

Siku ya kwanza nilikwenda makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1971 pale mbele ya bahari. Nilikwenda kwa ajili ya siwa. Ziko mbili: moja ya pembe ya ndovu, iliyotoka Pate, kazi ya karne ya 17, ndefu kupita mtu mzima, nyingine ya shaba, ya Lamu yenyewe. Tundu la kupulizia liko ubavuni, kama la baragumu letu la pembe ya ng'ombe, lakini baragumu hili halikuwa la kila mtu. Siwa ilikuwa chombo cha enzi. Ilipulizwa kwenye tohara na arusi za waungwana na katika mambo makubwa ya mji, na asiyeruhusiwa siwa alikuwa ameambiwa wazi mahali pake ni wapi.

Habari za Pate zinasimulia juu ya Mwana Darini, mwanamke ambaye mumewe aliuawa kwa amri ya sultani. Mwanawe alipofikia kutahiriwa, akaomba siwa ya mji, akanyimwa. Hakurudi nyuma. Akamtafuta fundi akamchongea siwa yake mwenyewe, ya pembe ya ndovu, na siku ya sherehe ikapulizwa ikasikika. Husemwa siwa hiyo ndiyo iliyoko makumbusho. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Wageni wengi huitazama kwa ajili ya nakshi, na kweli nakshi zake zinastahili, lakini mimi nilikuwa nikimfikiria yule mama mjane. Alijua kwamba mwanawe hatahesabika mtu wa Pate mpaka chombo kimlilie na mji uitike.

Jioni, uwanja wa mbele ya ngome ulikuwa na goma. Wanaume wa makamo, kanzu na bakora, wamejipanga mstari mmoja mrefu na kwenda kwa hatua za taratibu kabisa, bakora zikiinuka na kushuka pamoja. Mbele yao mpuliza nzumari, mashavu yamejaa kama mkate wa mofa, anavuta pumzi puani huku anapuliza kinywani, sauti haikatiki. Ngoma mbili zinamfuata, na upatu. Mcheza kwao hutunzwa, na noti zilikuwa zikichomekwa kwenye kofia ya mpuliza nzumari bila yeye kufumba wala kufumbua. Mji huu tangu zamani umegawika mafungu mawili, Zena na Suudi, na kushindana kwao kwingi kulikuwa kwa ngoma na kwa maneno. Hata zama za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu ilipopigana na Pate na Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa walitupiana mashairi kuvuka bahari. Shairi likitoka Mombasa lilikuwa na haki ya kujibiwa, na kutojibu kungekuwa kushindwa kabla ya jahazi kutia nanga.

Lakini kibangala sikukiona uwanjani. Niliuliza kwenye baraza ya wauza kahawa, nikaelekezwa, nikapotea, nikaelekezwa tena, na asubuhi ya siku ya tatu nikaipata nyumba.

Mwenye nyumba ni fundi wa nakshi za milango, mzee wa miaka themanini na ushei. Mkewe, ambaye ilionekana ana udugu na bibi yangu kwa upande wa mama, ndiye aliyenipokea. Akanikumbatia, akanishika uso kwa mikono miwili akautafuta uso wa bibi ndani yake. Nilipomweleza kilichonileta alitikisa kichwa. "Mimi hayo siyajui, mwanangu. Muulize babako." Akaingia ndani kushughulikia chai, akaacha pazia limeanguka nyuma yake.

Mzee akakishusha kibangala ukutani, akakifuta kwa pindo la kikoi chake, akanipa.

Ni chepesi kuliko nilivyodhani. Kimechongwa katika gogo moja: tumbo, shingo na kichwa ni mti mmoja, hakuna kiungo popote. Tumbo ni la mviringo mrefu kama nusu ya embe, na shingo haianzii mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa. Tumbo linapungua tu mpaka linakuwa shingo. Kichwa kimepinda nyuma kama mundu. Vigingi vilikuwa saba, vitatu vimepotea. Ngozi ya mbuzi iliyowambwa juu ya tumbo imepasuka katikati na kujikunja pembeni kama jani kavu la mgomba, na kupitia mpasuko huo niliona ndani. Alama za patasi ziko pale, fupi fupi, zote za upande mmoja, kama mawimbi madogo. Nilizigusa kwa ncha ya kidole. Mzee akaniambia babake alikichonga kwa kipindi cha kusi moja, jahazi zikiwa zimekaa, na kwamba upande wa ndani haukulainishwa kwa makusudi, ili sauti ipate pa kushika.

Chombo hiki ni ndugu wa chombo cha nyuzi cha Yemeni kiitwacho qanbus. Unguja na Ngazija wakakiita gabusi. Na wazee walipotaja kinanda katika tungo zao, mara nyingi walikuwa na maana ya chombo cha nyuzi cha namna hii, si hiki cha kubonyeza kinachopigwa arusini leo. Nyimbo za kinanda zilikuwa na adabu yake: watu wamekaa chini, mafumbo yanatembea, mwenye kujua anacheka na asiyejua anauliza kesho yake. Udi wa Kiarabu ulipoenea, wenye sauti kubwa zaidi na fahari zaidi, kibangala kikaanza kurudi nyuma.

Hata hivyo nyimbo hazikufa nacho, na kwa hili Lamu inao watu wa kuwashukuru. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kuimba Mombasa na kufariki mwaka 2016, alizichukua zile namna za zamani za kibangala akazihamishia kwenye udi wake. Nilikua nikimsikia, kaseti zake zilikuwa zikizunguka Mji wa Kale kama harufu ya viazi karai wakati wa alasiri. Utamsikia akipiga nyuzi mbili tatu, anatulia, kama mtu anayesubiri ajibiwe. Maneno mengi aliyoimba yalitoka kwa Ahmed Sheikh Nabhany, naye mtu wa Lamu, aliyelelewa na bibi yake mshairi na kutumia maisha yake kukusanya tungo za kale ambazo zingezikwa na wenyewe. Ndiye tunayeambiwa alitupa neno runinga, lakini mimi humheshimu zaidi kwa zile alizozuia zisipotee kuliko kwa yale aliyoyabuni. Alifariki 2017, mwaka mmoja baada ya rafiki yake.

Nilimsimulia mzee habari ya Norwe. Katika jimbo la Telemark kulikuwa na mpiga fidla aitwaye Knut Dahle, ambaye uzeeni alishikwa na hofu kwamba nyimbo alizorithi kwa wapigaji wa kale zitaingia naye kaburini. Akamwandikia barua Edvard Grieg, mtunzi mkubwa kuliko wote nchini mwao, kumwomba zihifadhiwe. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini mwaka 1901 Dahle alisafiri hadi mji mkuu, akapiga, na mpiga fidla Johan Halvorsen akaziandika nyimbo 17 kwa nota. Grieg akazitengenezea piano, zikachapishwa 1903. Hadi leo zinapigwa.

Mzee alisikiliza kwa makini. "Alipata bahati," akasema. "Barua yake ilijibiwa."

Nikamuuliza kwa nini kibangala cha babake kilinyamaza. Jibu lake lilikuwa jepesi. Babake alikwenda Hija. Aliporudi alikitundika ukutani. Hakukivunja, hakukiuza, na hakukipiga tena mpaka alipokufa. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, alikishusha akakifuta vumbi akakirudisha.

Neno hilo, kukitundika, nilitoka nalo nikazunguka nalo mjini mchana kutwa. Kwa sababu Norwe nako walipita njia hiyo, tena kwa ukali zaidi. Katika karne ya 19, mawimbi ya uamsho wa dini yalipopita vijijini, hardingfele iliitwa chombo cha shetani. Wako waliozichoma fidla zao kwa mikono yao wenyewe, na wako waliozificha. Wanakijiji walikuwa na sababu ya kuamini: hekaya zao zinasema mpigaji mzuri hufundishwa na jini wa maporomoko ya maji. Unakwenda Alhamisi usiku, unamtupia nyama majini huku umegeuza uso, naye anakushika vidole na kukufunza mpaka vidole vinatoka damu. Nyama ikiwa haba, atakufundisha kukaza nyuzi tu, kupiga hutajua. Mtu wa pwani yetu akiisikia hadithi hiyo hahitaji kufafanuliwa.

Na Alhamisi usiku ndipo nilipokwenda Riyadha.

Msikiti wa Riyadha uko Langoni, si mbali na nyumba aliyozaliwa bibi. Uliasisiwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, wa ukoo wa Jamalilail. Mji aliokuta ulikuwa na elimu, lakini elimu ilikuwa na milango, kama siwa. Waungwana walisoma, watumwa na watoto wa waliokuwa watumwa waliambulia kidogo au hawakuambulia kitu. Habib Swaleh aliwafungulia. Na maulidi aliyoyaleta yalikuwa ya Habshi, yaliyotungwa Seiyun kule Hadhramaut, yakisomwa kwa sauti ya pamoja na matwari yakipigwa, msikitini. Wanazuoni wengine wa mji walipinga. Ngoma ndani ya nyumba ya Mungu? Mabishano yalikuwa mazito na hayakumalizika upesi. Ila yeye hakukitundika chombo ukutani, alikiingiza ndani. Nadhani alielewa jambo ambalo wahubiri wa kule Norwe hawakulielewa: kwamba mtu aliyenyimwa kitabu kwa vizazi vitatu bado anajua kuitikia, na ukimpa cha kuitikia umemfungulia mlango.

Niliwahi kukutana na Riyadha nikiwa Bergen kabla sijaiona kwa macho. Mwanahistoria wa mji ule, Anne Bang, ameandika juu ya masharifu na wanazuoni wa bahari yetu, na ndiye aliyeongoza kazi ya kuzipiga picha hati za mkono za Riyadha ili zihifadhiwe kidijitali. Nilizifungua picha hizo dirisha likiwa na theluji, na kwenye pambizo za kurasa nikaona madoa ya wino na mwandiko wa wanafunzi.

Usiku ule wanawake tulitandika mikeka upande wetu. Kabla ya kuanza, nyuma ya msikiti, vijana walikuwa wamewasha moto mdogo wa vifuu na kuyazungusha matwari juu yake, maana umande wa bahari hulegeza ngozi. Mmoja alikuwa akilipiga lake kwa kidole cha kati, analisogeza sikioni, analirudisha motoni, kama mpishi anayeonja. Kisha wakaingia. Safu mbili zinazotazamana, kanzu nyeupe, kofia za vito, wamepiga magoti. Msomaji akaanza peke yake, sauti nyembamba ya mtu mzima. Matwari yakaingia polepole. Na safu zikaanza kuyumba, kulia na kushoto, mikono ikiinuka pamoja na kushuka pamoja, na itikio likatoka.

Sitaki kulipamba. Niseme tu kwamba kwenye mkeka wetu hakuna aliyekuwa amekaa kimya. Bi mmoja mzee sana aliyekuwa kando yangu, wa Faza, alikuwa haoni tena. Alikuja kwa boti na wajukuu. Midomo yake ilikuwa ikitangulia, herufi moja kabla ya msomaji. Kila itikio lilipofika alinibana goti kwa mkono wake mkavu kunijulisha kwamba ni zamu yangu. Niliitikia kama nilivyofundishwa utotoni, na mahali nilipokuwa nimesahau niliitikia melodi bila maneno. Upande wa pili wa ua wanaume walikuwa mamia. Kesho yake, baada ya Ijumaa, waliingia njiani kwa zefe kuelekea kaburini kwa Habib Swaleh, wakicheza twari la ndia, yaani la njia, na hatua zao zilikuwa fupi mno kiasi kwamba mwendo wa dakika chache ulichukua alasiri nzima. Kulikuwa na watu wa Ngazija, wa Unguja, wa Tana. Maduka yalifungwa nusu milango.

Usiku wa pili wake nikasikia kitu kingine. Ilikuwa baada ya isha, nimelala ghorofani kwa mwenyeji wangu, na kutoka vichochoroni ikaja kokoko, kokoko, ya vitu vikavu vikigongwa. Mwenyeji wangu akanivuta: "Inuka, vugo hilo!" Tukashuka na mabuibui tumeyatupia juu juu. Wanawake wapatao thelathini, kila mmoja na pembe mkononi, anaigonga kwa kijiti, wanapita mtaa kwa mtaa kutangaza arusi. Mwimbishaji alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza. Anatupa ubeti, sote tunarudisha. Katika beti zile kulikuwa na sifa za bi arusi, na kulikuwa na salamu kwa jirani fulani ambaye jina lake halikutajwa wala halikuhitaji kutajwa, kwa sababu tulipofika chini ya dirisha lake itikio lilipanda maradufu. Dirisha lilifunguliwa. Nilidhani ni ugomvi. Kumbe mwenye dirisha alikuwa na ubeti wake, akautupa chini, na kundi zima likapiga vigelegele. Akashuka na pembe yake akajiunga.

Hivi ndivyo wimbo unavyotembea Lamu, na kaseti ilipokuja ilipokewa katika desturi hii hii. Mwaka 1974 Ustadh Mahmoud Mau, imamu, mwoka mikate na mshairi wa mji, alitunga Wasiya wa Mabanati, utenzi wa kuwausia mabinti juu ya ulaghai wa wanaume. Ukaghaniwa, ukatiwa kwenye kanda, na kanda zikaingia majumbani ambako kitabu kisingeingia. Mwaka uliofuata akatunga Kimwondo, juu ya siasa za uchaguzi wa Lamu, na huo nao ulizua majibu, maana mji huu hauachi shairi lipite bila kulijibu. Mama yangu aliujua wasiya ule kwa moyo. Alikuwa akitughania akikuna nazi, nasi tulidhani ameutunga yeye.

Siku ya kuondoka nilirudi kwa mzee kuaga. Bi, mkewe, aliniwekea mkate wa sinia na chai, akarejea ndani, pazia likaanguka. Nikamwambia mzee kwamba nina sauti ningependa aisikie, nikaweka simu juu ya meza, karibu na kibangala.

Hardingfele ikalia. Ni wimbo wa kucheza, wenye hatua tatu zisizolingana, moja ndefu kidogo kuliko nyenzake, na kwa masikio ya pwani unakaribia mwendo wa kitu fulani ambacho hukikumbuki mara moja. Mzee alifumba macho. Ulipokwisha akauliza, "Wako wangapi?"

"Ni mmoja, baba."

"La," akasema. "Wako wengi."

Nikamweleza habari ya nyuzi za chini, zile zisizoguswa. Hakusema kitu. Akataka niurudie, nikaurudia. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kukichukua kibangala akakiweka pajani, na kwa kuwa hakina nyuzi na ngozi yake imepasuka, akawa anagonga ubavu wa mti kwa vidole viwili, si kwa mwendo wa fidla, kwa mwendo wake mwenyewe. Nikaizima simu. Akaanza kuimba chini chini, wimbo ambao sikuwahi kuusikia, wa Kiamu kizito, lahaja ya Lamu, sauti yake ikikatika mahali pa juu. Akafika mwisho wa ubeti, akanyamaza mahali ambapo ubeti unangoja.

Nikataka kuitikia. Sikujua maneno.

Itikio likatoka nyuma ya pazia. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, iliyonyooka, isiyo na papara, na ilijua kila neno. Mzee hakugeuka. Akaendelea na ubeti wa pili, naye Bi akaitikia wa pili, na wa tatu, na wa nne, na wakati wote huo nilisikia kwamba kule ndani hakuacha kazi yake, kijiko kilikuwa kikigonga ukingo wa sufuria. Wimbo ulipokwisha nyumba ilikaa kimya kidogo. Kisha Bi akasema kwa sauti, akimsemesha mjukuu wake aliyekuwa amekaa kizingitini:

"Inuka wende kwa mchinjaji ukamuulize ngozi. Mwambie ya mbuzi, nyembamba, isiyo na tundu."